Taarifa ya Moto wa Alhamisi

Moto ulikuwa bado haujawaka. Ilikuwa Jumanne, saa tatu asubuhi, na karatasi niliyopewa ilisema ghala limeteketea Alhamisi.

Wewe uliyeanza nami simulizi hii tangu wiki ya kwanza unajua nilivyofika pale. Wewe unayenikuta leo, nikudokezee kidogo. Naitwa Zita. Nilikuwa mpiga chapa wa ushirika hapa Sumbawanga mpaka tukapunguzwa kazi, enzi zile za biashara huria zilipopamba moto na kila mwenye lori akajiita kampuni. Bwana Loth, mfanyabiashara wa nafaka, akaniokota. Akanipa meza, taipureta na cheo: afisa habari wa Kampuni ya Nuru ya Ufipa.

Kazi yangu ilikuwa kuandika taarifa kwa vyombo vya habari. Ya kwanza niliiandika mwezi wa sita, baada ya mvua za El Nino kufagia mashamba ya bondeni. Ilisema malori kumi ya mahindi ya msaada, yaliyohifadhiwa kwenye ghala letu, yameanza kuteremka kwenda Kaoze, kule bondeni. Magazeti matatu ya Dar es Salaam yakaichapa vilevile, nukta kwa nukta. Redio ikaisoma na jina langu ikalitaja. Mama yangu alilia kwa furaha.

Mahindi yenyewe sikuyaona yakipakiwa. Niliambiwa, nikaandika. Hilo sikumwambia mtu mpaka leo.

Sasa tuendelee.

"Bosi, hii ni ya lini?" nikamuuliza Loth.

"Si unasoma? Alhamisi."

"Leo Jumanne."

Loth akacheka kidogo. Alikuwa mtu wa sauti ya chini. Hata ukimkosea hakupayuka, na ndiyo maana watu walimwogopa.

"Makampuni makubwa huwa na taarifa za ajali tayari kabatini, Zita. Ajali haijatokea, taarifa ipo. Hiyo ni tahadhari tu. Nimeandika harakaharaka. Wewe ndiye fundi, inyooshe."

Ningeiweka ile karatasi mezani nikaondoka, leo nisingekuwa na la kukusimulia. Sikuondoka. Nilivuta kiti nikashika kalamu, maana makosa yake niliyaona palepale, na mimi kosa la maandishi huniwasha kama upupu.

Alianza na masikitiko. "Kwa masikitiko makubwa na moyo uliojaa simanzi, uongozi unapenda kuutaarifu umma..." Mhariri wa Dar hana muda wa simanzi za mtu. Tadei ndiye aliyenifundisha hayo. Huyu Tadei alikuwa mwandishi wa gazeti moja la huko Dar, amepanga chumba jirani na kwetu Katandala. Aliniambia mhariri ana dakika moja na rundo la karatasi mbele yake. Sentensi ya kwanza imwambie kimetokea nini, wapi, lini, na nani anahusika. La sivyo, taarifa yako itafungiwa maandazi kabla ya saa nne.

Nikafuta simanzi yote. Nikaandika: "Ghala la Kampuni ya Nuru ya Ufipa lililohifadhi mahindi ya msaada ya wakazi wa Kaoze limeteketea kwa moto Alhamisi mchana mjini Sumbawanga."

"Aah!" Loth akasema nyuma ya bega langu. "Unaona? Hiyo sasa inasomeka."

Nikafurahi. Naomba unisamehe, lakini nilifurahi.

Nikateremka mistari. Chanzo cha moto: jiko la mkaa la mlinzi wa ghala, Mayunga, aliyeliacha likiwaka ndani kinyume cha maagizo. Halafu nikafika mahali penye vitone.

"Watu ...... wamefariki dunia."

"Bosi, hapa penye vitone pana nini?"

"Idadi."

"Idadi ya nini?"

"Wewe si ndiye uliyenieleza kwamba waandishi wanapenda namba?" Alinigusa bega kwa upole, kama mtu anayemfuta mwenzake vumbi. "Acha wazi. Tutajaza."

Nilipiga chapa nakala tatu. Mbili nikampa yeye, moja nikaikunja nikaitia kifuani.

Saa nane mchana nilikuwa ghalani, kwenye barabara ya kwenda Matai.

Mayunga alikuwa mzee wa Kisukuma, mwembamba, aliyehamia Ufipa na ng'ombe wengi akabakiwa na fimbo. Aliishi na mkewe Kija kwenye kibanda cha mabati kilichoegemezwa ukutani mwa ghala.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Leo umetukumbuka?"

"Nimepita tu. Baba, jiko lako la mkaa unaliwasha humu ndani?"

Akanishangaa. "Humu? Bosi hataki hata kiberiti. Kija anapika kuni kule nje, nyuma ya kibanda. Nani kasema tuna jiko la mkaa?"

"Hakuna. Alhamisi upo zamu?"

"Alhamisi bosi kaniomba mwenyewe, kwa heshima kabisa. Anasema kuna wezi wana ufunguo bandia. Nishinde humo ndani tangu asubuhi na Kija wangu, tufungiwe kwa nje ili wezi wasijue kama kuna mtu. Wakiingia tu, nawadaka." Akatabasamu. "Ijumaa atatupeleka Kaoze kwa gari lake mwenyewe tukasalimie ndugu. Ameapa."

Upepo wa mwezi wa saba ulikuwa unapiga, ule wa Ufipa unaokausha midomo, lakini mimi nilikuwa natoka jasho.

"Baba, nifungulie nione ndani."

Hakukataa. Mimi nilikuwa mtu wa ofisini. Tukaingia. Safu ya mbele ya magunia ilikuwa imepangwa vizuri, na nembo ya shirika la msaada inaonekana. Nikachukua bambo, kile chuma cha kuchomea gunia ili kuonja nafaka, nikachoma gunia la mbele. Mahindi. Nikapanda juu, nikachoma la safu ya pili.

Yakatoka maranda ya mbao.

Nikachoma la tatu, la nne, la kumi. Maranda. Mayunga alikuwa chini ananitazama, mdomo wazi.

"Baba, malori ya Kaoze yalipakiwa lini?"

"Malori gani? Malori yalikuja ya kuelekea mpakani. Nilidhani ni biashara nyingine ya bosi. La Kaoze sijaliona hata moja."

Kija akatokea mlangoni, mikono imejaa unga wa ulezi. Alikuwa mdogo kwa mumewe, mama wa miaka thelathini hivi, mpole wa sauti.

"Dada, ndiye wewe Zita wa kwenye redio?"

"Ndiye mimi."

"Basi nikuulize. Dada yangu Hellena yuko Kaoze. Njaa ilipowazidi walifunga mizigo waje huku juu kutafuta vibarua. Redio ikasema malori yanashuka, wakafungua mizigo. Wakaenda kukaa barabarani kuyasubiri. Siku tisa. Mtoto wake wa mwisho wamemzika hukohuko kando ya barabara." Akafuta mikono kwenye kanga. "Nilitaka tu kujua, dada. Yale malori yaliharibikia wapi?"

Hakuuliza kwa ubaya. Laiti angeuliza kwa ubaya.

Nilimwambia sijui. Nikaondoka bila kuaga.

Usiku ule sikulala, na sitakuchosha nao. Jumatano saa mbili asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Tadei.

"Mambo, Zita?"

"Si poa, Tadei. Soma."

Alisoma ile taarifa ya moto akiwa amesimama. Alipomaliza akakaa kitandani.

"Leo si Jumatano?"

"Jumatano."

"Umekwenda polisi?"

"Niende na nini? Karatasi haina sahihi. Imepigwa chapa kwa taipureta ninayoishika mimi peke yangu. Loth atasema hajawahi kuiona."

Tadei akawaza. Kisha akafuta mezani kwa kiganja, akaniwekea karatasi nyeupe. "Basi fanya unachokijua. Andika ya kwako. Weka jina lako chini, maana bila jina ni uvumi tu. Nitaituma kwa faksi kabla ya saa tano, na mshikaji wangu wa redio nitampigia simu. Yule uliyemtumia ya Kaoze hajakusahau. Ikishatangazwa, moto wa kesho utamponza Loth mwenyewe. Nani atachoma ghala ambalo nchi nzima inalitazama?"

Ilikuwa akili. Nikaandika. Niliandika kwamba mahindi ya Kaoze hayakwenda Kaoze, na kwamba aliyeyauza ni Bwana Loth.

Tadei akachukua kalamu nyekundu, akalikata lile jina.

"Unafanya nini?"

"Mhariri akiona jina la tajiri bila ushahidi wa mkono wake, anaitupa. Anaogopa mahakama. Sema mahindi hayapo, magunia yana maranda. Umeyaona kwa macho yako, hilo hakuna wa kukupinga. Nani kayachukua, waache polisi waulize."

"Si wewe uliyenifundisha lazima 'nani' awepo?"

"Nilikufundisha za kawaida, Zita. Hii si ya kawaida. Unataka isomwe au hutaki?"

Nilitaka isomwe. Nikaipiga upya: "Mahindi ya msaada yaliyotangazwa kupelekwa Kaoze hayakuondoka kwenda huko, na magunia yaliyobaki kwenye ghala mjini Sumbawanga yamejazwa maranda ya mbao." Ilikuwa sentensi safi. Ilikuwa na nini, wapi, na kila kitu isipokuwa mtu.

Tadei akaikimbiza kwenye ofisi ya simu. Mimi nikarudi ghalani.

"Baba, ondokeni. Leo hii. Hawa wezi anaokwambia bosi hawapo."

Nikamsomea karatasi ya Alhamisi, yote, mpaka penye vitone. Kija akakaa chini taratibu, kama mtu aliyeambiwa msiba. Mayunga alisimama vilevile.

"Nikiondoka lindoni na ghala halina kitu," akasema, "mwizi si ndiye mimi?"

"Ukibaki, utakufa."

"Nimekusikia. Nakuuliza lingine."

Kija ndiye aliyemshinda. Alimwambia maneno machache ya Kisukuma, nisiyoyaelewa, na mzee akainamisha kichwa. Tukakubaliana. Kulikuwa na lori lililoleta dagaa sokoni, lingerudi Kipili saa kumi na moja jioni, na Kija alikuwa na kaka yake anayevua kule. Wafunge vitu vichache tu, wasimuage mtu.

Nilirudi mjini nikiwa nimepumua. Kwa mara ya kwanza wiki ile nilisikia njaa. Nikaingia dukani kwa mama mmoja pale Katandala, nikanunua andazi na chai.

Saa kumi kamili redio ya dukani ikapiga mlio wa taarifa ya habari.

Ilikuwa habari ya tatu. Msomaji aliisoma nilivyoiandika. Akalitaja jina langu, akanukuu maneno yangu. Nikafikiri: imeisha. Loth hawezi tena kitu.

Mwenye duka akaongeza sauti. Wapita njia wakasimama. Fundi baiskeli wa ng'ambo akaacha gurudumu likizunguka peke yake.

"Maranda?" mmoja akasema. "Watu wa bonde wanakufa, sisi tumewekewa maranda?"

"Nani kayala mahindi?"

"Hawajasema."

"Hawajasema, lakini ghala si lina mlinzi?"

Kisha sauti nyingine, ya mtu nisiyemfahamu:

"Si yule Msukuma wa barabara ya Matai? Alikuja juzi juzi tu huyo. Nani anamjua?"

Nikajitosa katikati yao. "Jamani, siyo yeye! Mimi ndiye niliyeandika, siyo yeye!"

"Sasa ni nani?"

Niliposema "Loth", sauti yangu ilikuwa imezamishwa. Nusu ya wale watu walikuwa wameshashika njia. Wengine walitoka madukani, wengine sokoni, kila kona wanaungana. Wengi hawakuisikia redio kabisa. Walisikia "mwizi", ikawatosha.

Nikavua viatu nikakimbia.

Nilipofika, lango lilikuwa limeng'olewa. Walikuwa wamepasua gunia baada ya gunia, na upepo umeyabeba maranda mpaka hewa yote ilikuwa ya njano. Yalikuwa kwenye nywele za watu, kwenye kope zao. Wanawake walikuwa wanalia kwa hasira. Wanaume hawakulia.

Mayunga alikuwa amebanwa ukutani. Damu ilimtoka juu ya jicho. Mkononi alikuwa bado ameshika furushi lake, lile nililomwambia alifunge.

"Alikuwa anatoroka!" wakapiga kelele. "Tumemkuta na mzigo! Asiye na hatia anatoroka?"

Mawe yalikuwa tayari mikononi mwao. Nilimtafuta Kija kwa macho, sikumwona.

Mzee akaniona mimi. "Zita! Mwanangu, waambie!"

Hapo ndipo honi ilipolia nyuma yetu, si kwa fujo, mara mbili tu za adabu. Watu wakapisha. Gari la Loth likaingia polepole mpaka katikati ya uwanja. Loth mwenyewe akashuka, suti ya kijivu, akapanda juu ya bampa la mbele. Alishika karatasi.

"Ndugu wananchi," akasema kwa sauti yake ileile ya chini, na watu wote wakanyamaza ili wamsikie. "Kampuni imetoa taarifa. Nitawasomea."

Akasoma.

"Mlinzi wa ghala la Kampuni ya Nuru ya Ufipa amekamatwa na wananchi leo jioni mjini Sumbawanga akitoroka, baada ya kubainika kuiba mahindi ya msaada ya wakazi wa Kaoze."

Nini, wapi, lini, nani. Hakuanza na masikitiko. Nilikuwa nimemfundisha vizuri.

"Kampuni inampongeza mtumishi wake shupavu, Zita, aliyeufichua wizi huu bila woga."

Wakanishangilia. Mikono ikanibeba kutoka nyuma, ikanisukuma mbele. Mama mmoja akanibusu shavuni, uso wake umejaa maranda na machozi. "Mungu akubariki, binti!"

Loth akanipa mkono kunipandisha kwenye bampa. Kiganja chake kilikuwa kikavu, laini. Akaniinamia sikioni, anatabasamu kwa ajili ya watu.

"Tazama ndani ya gari."

Nikatazama. Kija alikuwa kiti cha nyuma, katikati ya wanaume wawili. Kanga ilikuwa imemtoka kichwani. Mmoja wa wale wanaume alikuwa amemwekea mkono shingoni, kama wanavyofanya marafiki.

"Tulimkuta anasubiri lori la dagaa," Loth akaninong'oneza. "Mimi si mtu mbaya, Zita. Mmoja tu ananitosha. Chagua vizuri, huyu mama ashuke salama."

Kisha akanyoosha mgongo, akainua karatasi juu.

"Wananchi wanataka kusikia kutoka kwako, siyo kwangu. Zita, waonyeshe. Mwizi wa mahindi ya Kaoze ni nani?"

Mayunga, pale ukutani, aliacha furushi likaanguka. Hakuniita tena. Alinitazama tu, kama baba anavyomtazama mwanaye aliyesimamishwa darasani ajibu swali.

Kutoka nyuma ya kioo Kija naye alinitazama. Alitikisa kichwa. Mpaka leo sijajua alikuwa ananiambia nini: nisimtaje mumewe, au nisimfikirie yeye.

"Sema, binti!" mtu akapaza sauti.

Nikanyoosha mkono, na kidole changu kikamwonyesha mtu. Alikuwa nani, nitakuambia wiki ijayo.